Kisangani na walimu wa kujitolea: mgeni huondoka, mwenyeji hubaki bila mshahara

Kijana wa Ulaya au Marekani anayetaka kufundisha watoto wa Afrika kwa mwezi mmoja hahangaiki sana kutafuta nafasi. Kuna kampuni za safari zitakazompeleka Zanzibar, zimtafutie nyumba ya kulala karibu na ufuo, zimkabidhi darasa la Kiingereza asubuhi na kumwachia jioni yake aogelee. Kwa wiki chache hizo kijana huyo mara nyingi hulipa zaidi ya dola elfu moja, na nauli ya ndege hujitegemea.

Mjini Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, wako pia walimu wanaofundisha bila kulipwa. Hawa hawakupanda ndege. Wengine hutembea kwa miguu kutoka Mangobo au Kabondo, wengine hupanda toleka, zile baiskeli za abiria zinazojulikana na kila mtu mjini, na wale wa Lubunga huvuka mto kwa mtumbwi. Wanaingia darasani Septemba na kutoka mwaka wa masomo unapofungwa, mwaka baada ya mwaka, huku majina yao hayamo katika orodha ya malipo ya serikali. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kujitolea.

Kwa hiyo neno ni moja, lakini mambo ni mawili. Kujitolea kwa kijana wa ufukweni ni safari iliyonunuliwa. Kujitolea kwa mwalimu wa Mangobo ni deni ambalo dola haijalilipa. Tofauti hiyo ni muhimu kila inapotolewa hoja kwamba majimbo kama Tshopo yafungue milango kwa vijana wa kigeni ili kuziba upungufu wa walimu. Kabla ya kukubali au kukataa, inafaa kuangalia yaliyotokea walimu wa aina hiyo walipokuja. Kisangani inayajua, maana kwa zaidi ya miaka mia moja imewapokea, imefaidika nao, na imewaona wakiondoka.

Mmisionari, kisha Mhaiti

Desemba 1897 wamisionari wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, wakiongozwa na padri Gabriel Grison, walifika Stanley Falls na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Shule zilifuata kanisa, kama ilivyokuwa kote Kongo. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, wamisionari ndio waliobeba sehemu kubwa ya elimu. Watoto wengi walifundishwa kusoma na kuandika, lakini ngazi ilikatwa mapema. Wachache walifika sekondari, na chuo kikuu cha Lovanium, mjini Leopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa Stanleyville kabla ya kuingia katika siasa, alijipatia sehemu kubwa ya elimu yake kwa kujisomea mwenyewe.

Matokeo ya siasa hiyo yalionekana 30 Juni 1960. Nchi ilipata uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Siku chache baadaye jeshi liliasi, Wabelgiji wakakimbia kwa maelfu, na shule za sekondari zikabaki na madarasa yasiyo na walimu, kwa kuwa waliofundisha huko walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa sana. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, ulianza kutafuta walimu wanaozungumza Kifaransa popote walipoweza kupatikana.

Wengi walipatikana katika kisiwa cha kitropiki. Haiti ilikuwa na tabaka la watu waliosoma, weusi, wanaozungumza Kifaransa, na ambao tangu mwaka 1957 walikuwa wakiishi chini ya utawala wa mkono wa chuma wa François Duvalier. Kongo iliwapa kazi, na pia njia ya kuondoka. Walikuja walimu, madaktari, wahandisi na wataalamu wa kilimo, wakatawanywa katika mji mkuu na miji ya majimbo. Mtengenezaji filamu Raoul Peck, ambaye baadaye alitengeneza filamu mbili kuhusu Lumumba, alifika Kongo akiwa mtoto kwa sababu baba yake, mtaalamu wa kilimo, alikuwa miongoni mwao.

Leo tumezoea picha ya mwalimu anayetoka bara tajiri kwenda kisiwa maskini. Miaka ya 1960 Kongo ilipata walimu kutoka kisiwa maskini, na hawakuja kwa mwezi mmoja. Walikuja na mikataba, walilipwa, walifundisha ratiba nzima ya hesabu, sayansi na lugha, na wengi walihamia na familia zao. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliweza kumwona mwalimu yuleyule hadi anamaliza.

Faida hiyo ilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni Haiti. Kila mwalimu aliyesimama mbele ya darasa la Kongo ni mwalimu ambaye shule ya Port-au-Prince ilimpoteza. Na hapa nchini, miaka ilivyosonga na Wakongo wenye shahada kuongezeka, hasa siasa ya Mobutu ya kukabidhi kila kitu kwa Wazaire ilipoingia miaka ya 1970, wengi wa wageni hao walihama tena, baadhi wakielekea Canada na Marekani.

Mmarekani wa miaka miwili

Wakati huohuo Ulaya na Marekani zilikuwa zikibuni aina nyingine ya mwalimu mgeni. Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson na mke wake Mora walianzisha VSO. Baadhi ya vijana wa kwanza walipelekwa Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, na huenda taswira ya kijana Mzungu anayefundisha chini ya minazi ilianzia hapo. Walikuwa na umri wa miaka 18, ndiyo kwanza wametoka shule. Haikuchukua muda mrefu kabla ya mpango huo kubadilika, kwa kuwa nchi zilizowapokea zilihitaji watu wenye ujuzi, na wahitimu wa vyuo vikuu wakachukua nafasi ya wanafunzi waliomaliza shule juzi. Jambo hilo lilijulikana, basi, tangu mwanzo kabisa, na waandaaji wenyewe ndio waliolijifunza: moyo mwema haufundishi hesabu.

Marekani ilianzisha Peace Corps mwaka 1961 chini ya rais John Kennedy. Shirika hilo lilifanya kazi Zaire kuanzia 1970 hadi 1991. Vijana wake walifundisha Kiingereza, hesabu na sayansi katika sekondari, na wengine walifundisha wanakijiji kuchimba mabwawa ya samaki. Hawakulipa ili waje, wala hawakuja kutalii. Walipewa mafunzo ya miezi kadhaa, pamoja na lugha, kisha wakatumwa kwa miaka miwili wakipata posho ya kujikimu.

Ubora wa mpango huo hauna ubishi mkubwa. Udhaifu wake ulionekana Septemba 1991. Tarehe 23 mwezi huo askari ambao mishahara yao haikuwa na thamani tena waliasi Kinshasa, uporaji ukaenea hadi miji mingine, na majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaja kuwaondoa wageni. Peace Corps nayo ilifunga shughuli zake. Mwaka wa masomo ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Wanafunzi waliotegemea mwalimu wa fizikia kutoka Marekani walibaki bila mwalimu wa fizikia.

Si kosa la vijana wale. Hakuna mzazi atakayemwacha mwanawe katika mji unaoporwa ikiwa kuna ndege ya kumchukua. Hata hivyo, kwa mwenye shule, mwalimu ambaye balozi wake anaweza kumwondoa kwa siku mbili hawezi kuwa nguzo ya shule. Machi 2020 dunia nzima ililiona jambo hilo: janga la Covid-19 lilipozuka, Peace Corps iliwarudisha nyumbani watu wake wote, takriban 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60.

Vita vilipofika, nani alibaki?

Kisangani ina sababu zake za kulitilia jambo hili uzito. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Wageni kwa mamia walishikwa mateka, miongoni mwao wamisionari na walimu, hadi askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhushwa na ndege za Marekani tarehe 24 Novemba. Baadhi ya mateka waliuawa siku hiyo, na Wakongo waliouawa katika vita hivyo, kabla na baada ya siku hiyo, walikuwa wengi mno kuliko wageni. Chuo kikuu ambacho makanisa ya Kiprotestanti yalikianzisha mjini mwaka 1963, Université libre du Congo, kililazimika kuhamia Leopoldville kwa muda.

Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini kwa siku sita. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa na shule 69 zilizopigwa makombora. Shule hizo hazikufunguliwa tena na wageni. Walimu wa Kisangani ndio waliofagia vifusi na kuita wanafunzi warudi. Na tangu mwaka 2023, mapigano ya ardhi kati ya Wambole na Walengola yalipowasukuma maelfu ya watu kutoka vijijini kuingia mjini, watoto waliokimbia waliingizwa katika madarasa ambayo tayari yalikuwa yamejaa. Waliowapokea ni walimu walewale, wenye mshahara na wasio na mshahara.

Kujitolea kusiko kwa hiari

Ili kuelewa kwa nini mtu anafundisha bila malipo, lazima kutazama mfumo wenyewe. Shule nyingi za umma nchini zinaendeshwa na makanisa kwa mkataba uliotiwa saini na serikali Februari 1977. Serikali hulipa mishahara kupitia idara iliyoitwa SECOPE, ambayo leo inaitwa DINACOPE. Shule inaweza kupata kibali na kufunguliwa, mwalimu akaajiriwa, akapewa darasa na mkaguzi akamtembelea, lakini jina lake lisiingizwe katika orodha ya malipo. Walimu wa kundi hilo wanajulikana kwa herufi mbili, N.U., yaani vitengo vipya, hata pale upya wao unapokuwa na umri wa miaka kumi.

Kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa na wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, dola iliposhindwa kulipa na walimu wakagoma, wazazi na makanisa walikubaliana wazazi wachangie ili shule zisife. Mchango uliokusudiwa kuwa wa dharura ukageuka utaratibu wa karibu miaka 30. Ulimlipa mwalimu, ukailipa ofisi ya juu yake, na ukamfungia mlango mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa nacho.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ilichukua miaka 13 kabla ya agizo hilo kuanza kutekelezwa nchi nzima, Septemba 2019, chini ya rais Félix Tshisekedi. Watoto walimiminika. Serikali husema zaidi ya milioni nne waliingia au kurudi shuleni, na mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango huo.

Ni hatua kubwa, na hakuna mzazi wa Kisangani anayetaka kurudi nyuma. Lakini kwa mwalimu wa N.U. wa shule ya msingi ilileta jambo ambalo halikutangazwa sana. Hapo awali hakulipwa na serikali lakini alipata kitu kutoka kwa wazazi. Sasa wazazi wamekatazwa kulipa, na serikali bado haijamwandika. Siku ileile ambayo darasa lake lilijaa, mfuko wake ulibaki mtupu. Elimu ikawa bure kwa mtoto, na kwa sehemu aliyeilipia ni yeye.

Hata aliyeandikwa hana raha. Mwaka wa masomo wa 2024 ulipofunguliwa, vyama vya walimu katika sehemu kadhaa za nchi viligoma vikidai mshahara ufikie dola 500 kwa mwezi. Dola 500 ni nusu au pungufu ya nusu ya kiasi ambacho kijana wa kigeni hulipa ili afundishe Zanzibar kwa wiki chache.

Mkongo naye hujitolea ugenini

Inasahaulika mara nyingi kwamba Wakongo wenyewe wanafundisha nje ya nchi kwa kujitolea, au karibu na hivyo. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wa wakimbizi wa Kongo husoma kwa mtaala wa Kongo na kufundishwa na wakimbizi wenzao. Kwa kuwa mkimbizi hana uhuru wa kuajiriwa kama raia, mwalimu huyo hapewi mshahara bali posho ndogo. Anafanya kazi yote ya mwalimu, ila kwenye makaratasi anahesabiwa kuwa ni mtu wa kujitolea.

Kuna uzi unaounganisha Nyarugusu na Mangobo. Pande zote mbili, neno kujitolea limetumika kufunika ukweli kwamba kazi ya kudumu inafanywa bila malipo ya kudumu. Na pande zote mbili, mtoto hanyimwi mwalimu kwa sababu tu mtu mmoja amekubali kubeba hasara.

Utafiti uliotoka kwa mwalimu wa kujitolea

Swali la nini hasa humsaidia mtoto darasani limefanyiwa kazi kubwa Afrika Mashariki, na mmoja wa walioliuliza alikuwa mwenyewe mwalimu wa kujitolea. Michael Kremer, Mmarekani, alifundisha Kenya kwa takriban mwaka mmoja katikati ya miaka ya 1980. Alishiriki kuanzisha WorldTeach, shirika lililopeleka walimu wa kujitolea Kenya na baadaye hata Visiwa vya Marshall. Kisha alirudi Kenya kama mchumi, na mwaka 2019 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Katika utafiti mmoja magharibi mwa Kenya, yeye na wenzake walichunguza shule zilizopewa vitabu zaidi. Wanafunzi waliokuwa mbele walifaidika, lakini wengi hawakusogea. Sababu moja ilikuwa kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa pale ni lugha ya tatu. Mtoto wa Kisangani atalielewa jambo hilo haraka. Nyumbani anazungumza Lingala au Kiswahili, shuleni anadaiwa Kifaransa. Mgeni anayekuja kwa wiki sita akiwa na Kiingereza tu anamwongezea mtoto huyo lugha nyingine kabla hajashika zile alizo nazo.

Utafiti mwingine, ulioanza mwaka 2005, uliwapa mwalimu wa ziada shule 140 za eneo hilo. Huyo hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa hapohapo, mwenye cheti cha ualimu, aliyeajiriwa na kamati ya shule kwa mkataba wa mwaka na kulipwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Walimu hao walionekana darasani mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa serikali, na wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi.

Mpango huo ulipopanuliwa nchi nzima, matokeo mazuri yalitoweka katika shule zilizosimamiwa na serikali. Mishahara ilichelewa, na siasa za ajira ziliingia. Mwalimu wa mkataba alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kama alilipwa kwa wakati na kama kuna aliyemfuatilia. Kwa Tshopo, somo hilo lina uzito kuliko takwimu za wasafiri wowote. Mwalimu bora wa ziada tayari yupo mtaani. Anachokosa ni mtu wa kumlipa mwisho wa mwezi.

Mgeni akibisha hodi leo

Hayo yote hayamaanishi kwamba mgeni afungiwe mlango. Wapo Wakongo wazima leo waliopenda sayansi kwa sababu ya Mhaiti fulani, au waliojifunza Kiingereza kwa Mmarekani fulani, na hawajawasahau. Walimu wa Kiingereza wenye kukisema vizuri bado ni wachache mjini. Kijana anayekuja kwa heshima hurudi kwao akiwa na maarifa kuhusu Kongo ambayo televisheni haimpi.

Suala ni mahali pa kumweka na masharti ya kumpokea. Tanzania, kwa mfano, haimruhusu mtu wa kujitolea kufanya kazi kwa viza ya utalii tu. Anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, linalojumuisha pia wanafunzi na watafiti. Sheria peke yake haizuii ujanja, lakini inaweka wazi kwamba darasa si kivutio cha watalii.

Kwa Kisangani, historia yenyewe inatoa masharti manne. La kwanza ni muda: mwaka wa masomo mzima kwa uchache, kwa sababu mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila wiki sita haanzi somo kamwe. La pili ni ujuzi: VSO iligundua mapema kwamba umri wa miaka 18 hautoshi. La tatu ni usalama wa watoto: asiyeweza kufundisha watoto kwao bila kuchunguzwa rekodi yake asiruhusiwe kufundisha wa hapa bila kuchunguzwa.

La nne ndilo linaloamua. Mgeni asishike nafasi ya mwenyeji, bali awe pamoja naye. Ukiangalia kilichobaki kutoka miaka ya 1960, ni taasisi za kuandaa walimu. Mwaka 1961 ilianzishwa taasisi ya taifa ya ualimu Leopoldville kwa msaada wa UNESCO. Kile chuo kilichokimbia vita mwaka 1964 kilirudi, mwaka 1971 kikaunganishwa katika chuo kikuu cha taifa la Zaire, na tangu 1981 kinajitegemea kama Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, chenye kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu. Mji una pia chuo cha ualimu, ISP. Mtaalamu wa kigeni atakayefanya kazi huko miaka miwili na walimu wanafunzi 40 atagusa watoto wengi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kuliko vijana 40 watakaopokezana darasa moja.

Kisiwa kisichotangazwa

Kisangani ina kisiwa chake cha kitropiki. Mbiye, juu kidogo ya maporomoko ya Wagenia, kina urefu wa takriban kilomita 14 na upana wa kilomita nne, msitu mnene, na vijiji vya wavuvi. Watafiti wa UNIKIS wamekichunguza kwa miaka kuhusu miti na mimea yake. Katika matangazo ya safari za kujitolea si rahisi kukikuta. Hakina hoteli ya ufukweni, na anayekwenda huko hupanda mtumbwi.

Mahali kama hapo ndipo swali la kujitolea linapopata jibu lake la kweli. Mwalimu atakayekubali kufundisha kijiji cha mtoni mwaka hadi mwaka, kwa mvua na kwa jua, karibu kwa hakika atakuwa mtu wa Tshopo. Anaijua lugha ya wazazi, anajua msimu ambao watoto hutoroka kwenda kuvua, na vita vikija hana balozi wa kumwita uwanja wa ndege.

Kwa hiyo kipimo cha nia ya serikali, na cha marafiki wa kigeni wanaotaka kusaidia, hakiko katika idadi ya vijana watakaoshuka Bangboka, uwanja wa ndege wa Kisangani. Kiko katika orodha ya DINACOPE: ni majina mangapi ya N.U. ya Tshopo yataingizwa humo, na yatalipwa tangu mwezi gani. Wale ambao majina yao bado yanasubiri wataingia darasani hata hivyo Septemba ijayo, na serikali inalijua hilo. Huenda ndiyo sababu haina haraka.